Ukuta Si Kufuli: Vyumba Vitatu Ndani ya Diski Moja

Juma hili safu yetu inaiacha pwani na kupanda hadi Shauri Moyo, mtaa wa Nairobi ulio jirani na Pumwani, Gikomba na karakana za Kamukunji. Huko ndiko anakoishi dada yangu na watoto wake, na huko ndiko lilikotoka jambo ninalotaka kulisimulia. Nalisimulia kwa idhini yao, kwa kuwa naamini aila nyingi zimekwisha kukutana nalo au zitakutana nalo karibuni.

Shemeji yangu alirekodi harusi za watu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Yeye alisimama na kamera yake upande wa wanaume, kwenye nikahi na karamu. Dada yangu alishika kamera ya pili upande wa wanawake, usiku wa kupamba, mahali ambapo mwanamume haruhusiwi kutia mguu wala jicho. Harusi ikimalizika, kila mmoja alihariri sehemu yake katika kompyuta moja, iMac ya mwaka 2010, kwa programu ya Final Cut Pro 7. Biashara hiyo ilisomesha watoto watatu.

Shemeji alifariki mwaka huu. Siku chache kabla ya hapo kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimekufa, naye akawa anasubiri nafuu ili aishughulikie. Alipozikwa, mpwa wangu alilifungua daftari la kazi na kukuta harusi nne zilizolipiwa lakini hazijakabidhiwa. Mojawapo ilikuwa ya binti aliyefiwa na mama yake miezi miwili baada ya ndoa. Binti huyo hana picha nyingine ya mama yake akicheka na kutembea ila iliyomo mle. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, kwa adabu, bila kudai. Dada yangu, aliyekuwa katika eda na hatoki, alikuwa akiishika simu ile kwa mkono unaotetemeka.

Mpwa wangu ni mwanamke wa vitendo. Alinunua mjini iMac ya mtumba, ya mwaka 2013, ikiwa na mfumo wa uendeshaji uitwao Catalina. Alimwita fundi, naye akaitoa diski ya kompyuta ya zamani mbele ya macho yake: glasi ya mbele ya mashine zile hushikwa kwa sumaku, na huvutwa kwa vinyonyeo viwili vya mpira. Diski ikatiwa ndani ya kasha la USB na kuunganishwa na mashine mpya. Mafaili yote yakaonekana. Alipobofya kufungua, kompyuta ikamjibu kwamba programu ile haifanyi kazi katika mfumo huu.

Aliipeleka diski dukani. Akaambiwa aiache siku tatu. Akauliza, "Nani atakayeitazama?" Akajibiwa, "Sote hapa tunasaidiana." Aliichukua diski yake, akaitia mkobani, akarudi nyumbani. Jioni akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mama?"

"Mama hajambo. Mjomba, vitu vya baba naviona lakini havifunguki. Na siwezi kumpa mtu, maana humo mna kupamba za watu. Nifanyeje?"

Nilimwambia kwamba atafanya mwenyewe, nami nitamwongoza kwa simu, na sitahitaji kuona picha hata moja. Yafuatayo ndiyo niliyomweleza kwa majuma mawili, nayo yatamfaa kila mwenye kazi ya zamani iliyofungiwa ndani ya programu ya zamani.

Kwanza, kwa nini programu ilikataa? Programu za kompyuta huandikwa ama kwa mtindo wa biti 32, ulio wa zamani, ama wa biti 64. Kwa miaka mingi mifumo ya Apple iliipokea mitindo yote miwili. Mojave, mfumo wa mwaka 2018, ulikuwa wa mwisho kuzipokea programu za biti 32. Catalina, uliotoka Oktoba 2019, ukafunga mlango. Final Cut Pro 7 ni ya mwaka 2009 na ni ya biti 32. Zaidi ya hayo, mwaka 2011 Apple walitoa programu mpya badala yake, Final Cut Pro X, nayo haikuweza kuzifungua kazi za ile ya zamani. Kwa hiyo hata mwenye kununua toleo jipya hakusaidika. Kazi zilibaki zinasomeka na programu moja tu, na programu hiyo ilikwisha kupitwa: mfumo wa mwisho ambamo inakaa kwa utulivu ni Sierra, wa mwaka 2016.

Hata hivyo iko njia ya kuvuka. Final Cut Pro 7, ikishafunguka, yaweza kuitoa kazi katika faili la XML, yaani maelezo ya maandishi yanayosema kipande gani kinaanza wapi, kinakatwa wapi na kinafuatwa na kipi. Faili hilo husomwa na programu za kuhariri za siku hizi kama Premiere Pro na DaVinci Resolve. Basi haja yetu ilikuwa kuwa na mfumo wa zamani kwa ajili ya kutoa, na mfumo mpya kwa ajili ya kupokea, katika mashine moja. Na kwa kuwa kompyuta ile ndiyo ya kazi na ya masomo ya wadogo zake, hatukutaka kuigusa diski yake ya ndani. Ndiyo sababu ya kutumia diski ya nje.

Nilimtaka anunue diski ya SSD ya TB 1. Diski za kuzunguka ni rahisi kwa bei, lakini mfumo wa uendeshaji ukiwashwa kutoka humo hujikokota mno. Kisha nikamweleza ugawaji kwa mfano anaoujua. Pumwani, katika sehemu ya Majengo, kuna nyumba za Kiswahili: ujia katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakaazi wake wengi walihamishiwa Pumwani na Shauri Moyo, na mtindo huo wa kuishi wanaujua vyema. Kila mpangaji ana mlango wake na desturi zake, na hawagombani maadamu kila mmoja amekaa chumbani mwake. Diski iliyogawanywa ni nyumba ya namna hiyo. Mfumo mmoja wa uendeshaji huamini kwamba chumba chake ndicho ulimwengu mzima, wala haujui mwenzake anapika nini.

Tuligawa hivi. Chumba cha kwanza GB 500, kwa Sierra na kazi zote za marehemu. Chumba cha pili GB 150, kwa Mojave, kwa sababu nyumbani kuna skana ya picha ambayo programu yake nayo ni ya biti 32. Chumba cha tatu GB 350, kiwe uani, mahali pa kuwekeana vitu ambapo kila mfumo waweza kuingia.

Ukubwa wa chumba cha kwanza haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Diski ya zamani ilikuwa ya GB 500, nasi tulikusudia kuinakili kama ilivyo; chumba kisingeweza kuwa kidogo kuliko mzigo. Kosa la wengi ni kugawa kwanza na kupima baadaye.

Kisha kuna suala la sakafu, yaani namna diski inavyopangwa ndani ili ihifadhi mafaili. Mashine za Apple zina namna mbili kubwa: ile ya zamani iitwayo Mac OS Extended, na mpya iitwayo APFS. Sierra hukaa juu ya sakafu ya zamani, na haiwezi kuwaka kwa ile mpya. Mojave na Catalina husimama juu ya APFS. Kwa hiyo haiwezekani kuwaweka wote katika chumba kimoja. Ukuta ni lazima. Lakini APFS ina tabia moja njema: ndani ya chumba chake unaweza kuongeza mfumo mwingine bila kukata ukuta mpya, nao wakagawana nafasi kadiri ya haja. Mpwa wangu akitaka kesho kuijaribu Catalina nyingine mle ndani, ataiongeza kando ya Mojave.

Na uani je? Wengi hushauri exFAT, kwa kuwa husomwa na Windows pia. Mimi nilikataa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, exFAT haina daftari la kumbukumbu la kurejea ilipoachia, na faili laweza kuharibika. Mac OS Extended yenye daftari hilo, iitwayo Journaled, husomwa na Sierra, Mojave na Catalina bila shida. Tuliichagua hiyo.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa mpango huu. Alifungua programu ya Disk Utility, akachagua ionyeshe vifaa vyote, ili aione diski yenyewe na si jina la sehemu iliyo ndani yake tu. Aliisafisha yote kwa ramani ya ugawaji iitwayo GUID, ambayo ndiyo inayotakiwa na Apple kwa diski ya kuwashia mashine zao za Intel. Kisha akakata sehemu tatu, na kila moja akaipa jina lisilotatanisha: KALE, KATI, UANI. Majina haya si pambo. Mtu akiwa amechoka usiku na mbele yake pana diski tatu zenye jina moja, atafuta isiyofaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kutisha zaidi, yaani kuinakili diski ya marehemu. Nilimpa sharti moja: diski ile iguswe mara moja tu, isomwe, isiandikwe, kisha itolewe na kuwekwa kabatini. Disk Utility ina amri ya Restore, ambayo huchukua yaliyomo mahali pamoja na kuyamwaga pengine. Lakini amri hiyo hukifuta kwanza chumba kinachopokea. Ukikosea mwelekeo, umemwaga maji ya kisima ndani ya mchanga. Alinisomea kwa sauti maneno yote ya kioo, chanzo ni kipi na mapokezi ni yapi, mara mbili, kabla ya kubonyeza. Kunakili kulichukua usiku kucha. Asubuhi aliiondoa diski ya baba yake, akaifunika kitambaa, akaihifadhi ndani ya sanduku la bati la Kamukunji wanamoweka hati za nyumba.

Kwa Mojave alihitaji flash ya GB 16 ya kusakinishia, kwa sababu mfumo mpya haukubali kuendesha usakinishaji wa mfumo uliotangulia. Ni lazima mashine iwashwe kutoka kwenye flash. Jambo hilo halikutusumbua sana.

Kisha likaja jaribio. Alizima kompyuta, akaiwasha huku ameshikilia kitufe cha Option. Badala ya kuingia moja kwa moja, mashine ikamwonyesha milango: diski ya ndani, KALE, KATI. Akachagua KALE. Dakika mbili kimya. Ghafla nikasikia kwenye simu sauti ya dada yangu, "Hiyo ni meza ya baba yenu!" Ilikuwa imefunguka pamoja na picha ya ukutani aliyoiweka marehemu, na mafaili yake yamepangwa alivyoyaacha.

Hapa nilimwonya mambo mawili. La kwanza: Sierra haiielewi barabara sakafu ya APFS, na hapo hapo yaweza kuja na tangazo kwamba kuna diski isiyosomeka, kisha ikapendekeza kuiandaa upya. Kuiandaa upya maana yake ni kuifuta. Chumba unachoambiwa hakisomeki ni chumba cha mwenzako chenye vitu vyake. Kataa na uendelee. La pili: mifumo ya zamani haipati tena viraka vya usalama. Ukiwa chumba cha KALE, zima Wi-Fi. Umekwenda kutoa kazi, hukwenda kutembea mitaani.

Nilipodhani tumemaliza, mpwa wangu aliuliza swali lililonipa funzo. "Mjomba, nimeweka kuta. Basi mdogo wangu wa kiume akiichomeka diski hii kwenye kompyuta yake, hatoona za kupamba?"

Atayaona. Ukuta si kufuli. Kuigawa diski huzuia mifumo isigombane, lakini hakumzuii mtu kuingia. Mwenye kutaka sitara lazima aufunge mlango kwa usimbaji, yaani maandishi ya diski yafumbwe kwa nywila, yasisomeke bila hiyo. Tulirudi nyuma. Kwa bahati UANI ulikuwa bado mtupu, basi aliufuta na kuutengeneza upya kwa Mac OS Extended iliyosimbwa. Chumba cha KALE akakiwashia FileVault, kinga iliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Nywila zikakaa kwa dada yangu na binti yake tu. Lau lisingekuwa swali lile, tungalijenga nyumba nzuri isiyo na milango. Ewe msomaji, ukigawa diski kwa ajili ya jambo la siri, anza na kufuli kabla ya kuhamia.

Mwisho wake ulikuwaje? Harusi tatu kati ya nne zilitoka salama. Alizifungua katika KALE, akatoa mafaili ya XML, akayaweka UANI pamoja na picha zake, akarudi Catalina na kuzimaliza. Upande wa wanawake ulihaririwa na dada yangu mwenyewe, akiwa edani, mlango umefungwa. Binti yule aliyefiwa alikuja kuchukua yake kwa mkono. Hawakuitazama pamoja; aliichukua, akamkumbatia dada yangu, akaondoka.

Ya nne haikupatikana. Programu ilifunguka, mpangilio wote upo, lakini mahali pa picha pakawa na wekundu na maneno ya kusema kwamba picha hazipo. Marehemu alikuwa amezihifadhi katika diski nyingine, na diski hiyo haijaonekana mpaka leo. Vyumba vitatu na hekima yote haviwezi kukirudisha kisichokuwamo. Familia ile ilikuwa imelipa fedha yote. Dada yangu aliita watoto, akawaambia kwamba hilo ni deni la baba yao, na deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Wamelirudisha. Wenye harusi walikataa mara mbili, mara ya tatu wakapokea.

Kuna mambo machache ya kuwaachia wasomaji wanaotaka kufanya kama mpwa wangu.

Chagueni mashine ya umri unaofaa. Kompyuta ya Apple haikubali mfumo uliotangulia ule iliyozaliwa nao. Zile zenye chipu ya T2, zilizoenea tangu mwaka 2018, hukataa kuwaka kwa diski ya nje mpaka uziruhusu katika mipangilio ya usalama. Zile za chipu ya M1, zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2020, na zilizofuata hazipokei Mojave wala Catalina kabisa. Kwa kazi hii, mtumba wa mwaka 2013 ulikuwa bora kuliko mpya.

Wenye kompyuta za Windows, fahamuni kwamba usakinishaji wa kawaida wa Windows haukubali diski ya nje ya USB. Lakini Linux hukubali, na ni njia nzuri kwa mashine zilizoachwa nyuma tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Msiichomoe diski wakati mfumo unaendeshwa kutoka humo. Ni sawa na kumvutia mtu mkeka angali amelala.

Na kubwa kuliko yote: vyumba vitatu chini ya paa moja si nakala tatu. Jirani na Shauri Moyo hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu 15, na si mara ya kwanza wala ya mwisho soko lile kuungua. Moto haubishi hodi mlango mmoja mmoja. Diski ikianguka, vyumba vyote vimeanguka. Mpwa wangu sasa ana diski ya pili, imesimbwa, nayo inakaa kwangu Mombasa. Sijui nywila yake, wala sitaki kuijua.

Juma hili, kaeni na wazee wenu waulizeni: kazi zenu ziko wapi, zinafunguliwa na nini, na amana za watu ni zipi? Andikeni katika daftari. Shemeji yangu aliandika majina ya wenye harusi na fedha walizolipa, na kwa hilo ameondoka akiwa na heshima yake. Laiti angeliongeza mstari mmoja, wa kusema diski ya pili iko wapi.

Tukutane juma lijalo, inshallah.